Tone la Mafuta ya Cherehani

Siku ile tulikuwa sita. Bosi, kijana aliyerithi duka kwa baba yake mwaka mmoja kabla. Mama yake bosi, ambaye sote tulimwita Bibi, kwenye kiti chake nyuma ya kaunta, funguo za duka kiunoni. Mpiga chapa, dada mmoja wa Kisesa mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Mtafiti wa samaki, mteja, aliyekuwa amevuka na kivuko cha asubuhi kutoka upande wa Sengerema akiwa amekumbatia begi jeusi. Mdogo wangu wa mwisho, wa miaka saba, mwenye tetekuwanga, amelala chumba cha nyuma na mlango ukiwa wazi nusu ili nimsikie. Na mimi. Nawataja wote kwa sababu deni ninaloandika habari zake lina masharti, na sharti lake kubwa linawahusu waliokuwepo.

Duka lilikuwa Mwanza, mtaa wa pili kutoka ziwani. Ukisimama mlangoni uliona maji kidogo kati ya maghala mawili. Mbele tuliuza karatasi, bahasha, wino na utepe wa taipureta. Ubavuni mpiga chapa aliwaandikia watu barua za kuomba kazi, barua za kuomba viwanja, hati za kuuziana ng'ombe. Ndani kabisa, chini ya dirisha, palikuwa na benchi, na benchi hilo lilikuwa langu. Nilikuwa fundi wa taipureta.

Sikuanza hivyo. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, kwa ugonjwa ambao wakati ule watu waliutaja kwa kushusha sauti. Mimi ndiye wa kwanza kuzaliwa. Niliacha shule nikiwa na wadogo watatu mkononi, na baba mdogo akaja na karatasi ya kuonyesha kwamba nyumba ya Kiseke tuliyokuwa tukikaa haikuwa yetu. Dukani niliingia kufagia. Siku moja Mzee, baba yake bosi, aliniona nikiokota skrubu sakafuni na kuzipanga kwa ukubwa badala ya kuzisukuma nje na takataka, akaniita benchini. Nilikaa naye pale miaka mitano. Alipojua kwamba wadogo zangu wanalala kwa majirani, kila mmoja nyumba yake, alifungua stoo ya nyuma, akatoa makopo ya rangi, akanipa ufunguo.

"Chumba kinakwenda na benchi," alisema. "Anayekaa benchini ndiye anayelala humu."

Hakuandika popote. Hatukuhitaji kuandika, wakati akiwa hai.

Mzee alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka ikaingia mikononi mwangu bila kupita kichwani: chuma hakirudi kikavu. Kipande chochote ulichokitoa kwenye mashine, kabla hujakirudisha, kipate tone la mafuta ya cherehani kwa ncha ya unyoya wa kuku. Hewa ya ziwa ina meno, alisema. Taipureta tulizozipaka hivyo zilikwenda kwenye ofisi za wilaya, misheni, vinu vya pamba, na zikirudi baada ya miaka zilirudi zimechoka, lakini bila kutu.

Alipofariki, mji nao ulikuwa unageuka. Ilikuwa miaka ya soko huria. Ofisi zilizokuwa wateja wetu zilifungwa moja baada ya nyingine, watu wakapunguzwa kazini. Siku moja niliitwa kwenye ofisi ya ushirika iliyofungwa, nikabeba mkoba wangu wa vifaa nikidhani kuna kazi. Nilikuta taipureta zimerundikwa ukutani kama mahindi, na mlinzi akaniuliza kama nanunua chuma chakavu. Nyingi nilizitambua, nilizijua kwa majeraha yake. Wakati huohuo viwanda vya minofu vilikuwa vinafunguliwa kando ya ziwa. Minofu ya sangara ilipanda ndege, sisi tukala mapanki, ile mifupa inayobaki na nyama ya kichwani. Wadogo zangu wamekua kwa mapanki, na wamekua vizuri.

Bosi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka. Aliniita kaunta mbele ya mama yake, akasema, "Sikia, fundi. Taipureta zimekwisha. Kuna mtaalamu mmoja ana laptopu, inakwenda polepole, amepata memori ya kuongezea lakini hana wa kumfungia. Nimemwambia alete. Ukiiweza, tunaandika nje kwamba tunatengeneza kompyuta. Isipowezekana, mwisho wa mwezi benchi linatoka naweka mashine ya fotokopi, na kile chumba nitahitaji kwa karatasi."

"Na wale watoto?" Bibi aliuliza.

"Mama, mimi nina duka, sina bweni."

Nilisema sawa, bosi. Sikuwahi kufungua kompyuta maishani. Nilipewa karatasi ya maelekezo iliyokuja na ile memori, nikaisoma kwa Kiingereza changu cha kidato cha pili, nikipata neno hapa na neno pale: zima, toa betri, ingiza kwa pembe, sukuma mpaka usikie mlio. Mpiga chapa aliniona nikiisoma wakati wa chai.

"Mama familia," alisema. Ndivyo alivyoniita tangu wiki ya kwanza, na hakuniita hivyo kwa upendo. "Ukiifungua ukakuta haina herufi, utaanzia wapi?"

"Nitaanzia kwenye skrubu."

"Skrubu! Mwenzio anataka memori, wewe unataka skrubu." Akawageukia wateja. "Jamani, mwenye redio mbovu asogee, leo fundi ana moyo."

Alikuwa amenizidi mwaka mmoja. Alikuwa na cheti cha uhazili, kucha safi, na hakupenda kukaa chumba kimoja na mtu mwenye grisi kwenye vidole. Nami sikumpenda. Naliandika hili ili lisisahauliwe nitakapofika mbele.

Mtafiti alifika saa nne. Alimwamkia Bibi, akaitikiwa.

"Umevuka salama, mwanangu?"

"Salama, Bibi. Ziwa limetulia kama limekufa."

"Likitulia hivyo, wadudu wanakuja," Bibi alisema.

Mtafiti aliweka begi kwenye benchi langu, akatafuta fundi kwa macho. Nilipomwambia ni mimi, alimtazama bosi, kisha akarudisha macho kwangu.

"Dada yangu," alisema, "humu kuna samaki wa miaka mitatu. Urefu wao, uzito wao, walichokuwa wamekula. Zile diski nilizonakilia zimeota ukungu. Hii ikipotea, nimepotea."

"Usiwe na wasiwasi, Mtaalamu," bosi alisema, akaniangalia mimi. "Na kivuko chako cha saa tisa utakiwahi."

Aliiwasha kwanza ili tuione ikiwa nzima. Ilichukua muda mrefu, lakini ikafunguka. Nakumbuka hilo kuliko mengine yote: iliingia dukani ikiwa nzima.

Nikaizima. Nikatoa betri, nikaigeuza, nikafungua skrubu moja, nikainua kifuniko. Ilikuwa rahisi kuliko taipureta yoyote niliyowahi kuifungua, na urahisi huo ulinitisha. Chini ya kifuniko palikuwa na mfereji mwembamba wenye meno madogo ya chuma. Nikaitoa memori kwenye mfuko wake. Ilikuwa kadi ya kijani, fupi kuliko kidole cha kati, na ukingoni ina safu ya meno ya dhahabu ambayo hata ngozi ya mkono ingeweza kuyachafua. Niliishika kwa kando.

Karatasi haikusema nipake mafuta. Haikusema pia nisipake. Mkono wangu ulichukua unyoya kwenye kichupa, ukagusa tone, ukapita mara moja ukingoni mwa yale meno, kidogo sana, kama nilivyofundishwa. Sikufikiri. Nisingekumbuka hata kwamba nimefanya hivyo, kama siku ingekwenda vizuri.

"Dada, maji," mdogo wangu aliita.

Niliiweka kadi juu ya kitambaa chini ya dirisha, nikaenda kumpa maji. Ndipo wadudu walipoingia.

Aliyekaa Mwanza anawajua. Wanainuka ziwani kama moshi wa mtu anayechoma nyasi katikati ya maji, nguzo mbili tatu nyeusi zinazotembea, na upepo ukigeuka wanaingia mjini. Hawaumi. Wanaingia tu, puani, machoni, kwenye chai, mpaka ukuta mweupe unakuwa wa kijivu.

"Dirisha!" Bibi alipaza sauti. "Wewe, dirisha!"

Nilimfunika mdogo wangu shuka usoni. Nyuma yangu nilimsikia mpiga chapa akikimbilia dirisha la benchi huku akikohoa na kulaani ziwa na waliojenga mji kando yake. Vioo viligongana. Niliporudi, wadudu walikuwa wametapakaa kwenye kila kitu, wengine wakitembea, wengine wamekwisha kufa. Nilipangusa laptopu kwa kitambaa kikavu. Nikapuliza ule mfereji. Nikaipuliza kadi. Nadhani niliipuliza pande zote mbili. Mtafiti alikuwa anatazama saa. Nikaingiza kadi kwa pembe, nikasukuma, nikasikia mlio.

Tukaiwasha. Namba za kuhesabu memori zikaanza kupanda kwenye kona ya kioo, zikapita pale zilipokuwa zikiishia asubuhi, na Mtafiti akasema, "Haa!" kwa furaha. Ikaja picha ya mawingu, na chini yake ule utepe wa rangi unaotakiwa kutembea. Ulitembea kidogo, ukasimama.

"Ipe muda," bosi alisema.

Tuliipa muda. Bibi alifagia wadudu wa kaunta wote, akawakusanya kwenye gazeti. Utepe haukusogea. Mtafiti alibonyeza vitufe viwili vitatu kwa pamoja, kisha akabonyeza chochote, kisha akaizima kwa kushikilia kitufe. Tukaiwasha tena. Safari hii hatukufika kwenye mawingu. Namba zilipanda, zikakwama katikati, na kioo kikabaki vilevile kama saa iliyokufa.

"Itoe hiyo memori," Mtafiti alisema. "Itoe, tuirudishe kama ilivyokuwa."

Niliitoa. Skrubu ikaniponyoka, nikaitafuta kwa magoti. Tukaiwasha bila kadi, kama ilivyokuja asubuhi.

Ikaganda vilevile.

Mtafiti alikaa kwenye stuli ya wateja, mikono ikaning'inia kati ya magoti. Mimi sikuwa namwona vizuri. Niliona magodoro yetu mawili yamesimamishwa nje kwenye ukuta wa duka, na jiko la mafuta ya taa, na lile debe la vitabu vya shule, na watu wanapita wanatazama. Niliwaona wadogo zangu wamekaa juu ya debe. Sikujua nimewakalisha hapo wakisubiri kwenda wapi. Nilijaribu kufikiri mahali, nikapita ndugu mmoja mmoja, nikafika mwisho.

"Labda kadi ni mbovu," bosi alisema.

"Kadi nimeijaribu kwa mwenzangu, ni nzima." Mtafiti aliichukua, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Akaigeuza. Akapitisha kidole ukingoni, akasugua kidole kwa kidole, akanusa.

"Hii ina mafuta," alisema.

Bosi alitoka nyuma ya kaunta. Alikuja taratibu, na mimi ningependa angekimbia.

"Nani amepaka mafuta?"

Sikusema. Nataka niandike kwamba nilikuwa nakaribia kusema, kwamba neno lilikuwa limefika kwenye meno, lakini sina hakika. Nilikuwa natazama mlango wa chumba cha nyuma.

"Nauliza mara ya pili. Nani ameweka mafuta kwenye kitu cha mteja?"

"Ni mimi," mpiga chapa alisema.

Alikuwa amesimama karibu na mashine yake, kitambaa cha kufutia wadudu mkononi. Alisema kama anavyosema bei ya kuchapa ukurasa mmoja.

"Nilipokimbilia dirisha nimegonga kichupa cha fundi, kikamwagikia hicho kidude. Nikakifuta, nikanyamaza."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza. Niliogopa."

Wewe? nilijiuliza. Yeye hakuwahi kuogopa kitu. Bibi alikuwa amekaa mkabala na benchi, kama alivyokaa kila siku, mahali ambapo mtu akinyanyua unyoya anamwona. Alinitazama. Kisha akainamia funguo zake.

Bosi alisema maneno mengi, mbele ya mteja, na mteja akasema basi, basi, bwana, lakini hayakwisha mpaka yalipokwisha. Akamwambia achukue vyake aondoke, na mshahara wa mwezi asahau. Mpiga chapa alifunika mashine yake kwa kifuniko chake, akakivuta pembe zote nne zikae sawa, akatoka. Mkoba wake ulibaki umening'inia kwenye kiti.

"Mpelekee," bosi aliniambia bila kunitazama. "Asipate sababu ya kurudi."

Nilimkuta kwenye kona, anapangusa wadudu kwenye nywele.

"Dada, kwa nini?"

"Usinililie hapa, watu watadhani nimekupiga." Alichukua mkoba, akakagua ndani kana kwamba ningeweza kumwibia. "Mimi nina mama yangu Kisesa. Nina pa kulala. Wewe wale utawalaza wapi, juu ya mawe?"

"Nitarudi niseme."

"Ukirudi ukasema leo tutafukuzwa wote wawili, na mimi nitakuwa nimejitia upumbavu bure. Usiseme leo." Akatia mkoba begani. "Lakini sikusamehe, mama familia. Nimekukopesha. Na pesa sitaki, huna. Lililosemwa mbele ya watu hufutwa mbele ya watu walewale. Unalijua hilo?"

"Nalijua." Kwetu wanafanya hivyo. Mtu aliyesingiziwa kisimani husafishwa kisimani, na waliosikia sharti waje.

"Basi wadogo zako wakishasimama, uwakusanye waliokuwepo leo, uwaambie. Jina langu ulirudishe ulipolichukua." Akaanza kwenda, akageuka. "Na usikae unatetemeka pale. Mashine yangu ikikwama huwa unanitolea nini? Si uchafu? Haya, nenda katoe uchafu."

Nilirudi. Nikamwomba Bibi spiriti, akanipa bila kuuliza ya nini, na mswaki mpya kutoka kabatini, na sindano ya kushonea. Nilimwambia Mtafiti anishikie tochi. Mwanga ulicheza kwenye ule mfereji, lakini nilimwona. Mdudu mmoja wa ziwani. Alikuwa amenasa kwenye mafuta ukingoni mwa kadi, nami nikamsukumia ndani kwa nguvu zangu zote, akabanwa akawa bapa, majimaji yake na ubawa mmoja vikashika meno matatu kwa pamoja. Kadi nilipoitoa, yeye alibaki.

Nilimtoa kwa ncha ya sindano, kipande baada ya kipande. Nikasugua meno kwa mswaki uliochovywa spiriti, na ukingo wa kadi nikausugua mpaka ukakauka kabisa. Niliilazimisha mikono yangu isifike kwenye kichupa. Tuliacha spiriti ikauke. Bosi alitembea mlangoni na kurudi. Saa nane ilikuwa imepita.

"Bila kadi kwanza," nilisema.

Namba zikapanda. Mawingu. Utepe ukatembea, ukatembea, na mimi nikawa nauhesabu kama mtu anayehesabu pumzi za mgonjwa, mpaka kioo kikafunguka. Mtafiti alifungua faili moja, akaona safu za tarakimu zake, akafunika uso kwa viganja. Tukazima, tukaweka kadi. Ikafunguka tena, safari hii haraka, na yeye akacheka peke yake kama mtoto.

Aliwahi kivuko. Bosi alisimama mlangoni akimpungia, kisha akanigeukia akiwa na furaha ambayo sijawahi kumwona nayo.

"Fundi wangu! Umeona? Na yule mwingine angenifungia duka."

Nilifungua mdomo. Chumba cha nyuma mdogo wangu alikohoa. Nikafunga mdomo, nikaanza kupanga skrubu.

Jioni, nikimpa uji, alinitazama juu ya kikombe.

"Dada, mafuta si ulipaka wewe? Nilikuona kupitia mlango."

"Kunywa uji," nilimwambia. Akanywa. Hakuuliza tena, na kutouliza kwake nimeishi nako miaka mingi kuliko swali lenyewe.

Kibao kiliandikwa. Benchi lilibaki, na chumba kilibaki na benchi. Wadogo zangu wote watatu walimaliza shule wakitokea chumba kile. Wa mwisho yule sasa ni muuguzi. Lakini mji ule, wenye maduka, wanajuana. Bosi alikuwa msimuliaji mzuri, na kisa cha mpiga chapa aliyemwagia laptopu mafuta akanyamaza kilizunguka kutoka kaunta hadi kaunta. Alipokwenda kuomba kazi kwa wakili mmoja, aliulizwa kama ndiye yule. Kwenye kiwanda cha minofu pia aliulizwa. Cheti chake cha uhazili alikirudisha Kisesa ndani ya bahasha ya duka letu. Mimi nilisikia kisa kikisimuliwa pale dukani mara nyingi, mbele yangu, na mara moja, mbele ya fundi mgeni, nilicheka pamoja nao.

Bibi nilikuwa naye peke yangu alasiri nyingi. Mwaka kabla hajafariki, duka likiwa tupu, alisema akiwa anatazama barabara, "Mzee wangu angekuwepo siku ile, naye angepaka lile tone." Alinipa nafasi, mlango wazi kabisa. Nilimwambia chai yake inapoa.

Mtafiti nilimwambia. Nilikutana naye kwenye kivuko miaka mingi baadaye, kichwa kimekuwa cheupe, nikamweleza yote kabla hatujafika ng'ambo. Akasema siku ile vidole vyangu vilinukia mafuta wakati ananishikia tochi, na kwamba na yeye alinyamaza, kwa sababu alitaka samaki wake. Mdogo wangu nilimwambia siku ya mahafali yake. Akasema, "Najua, dada," basi.

Kisesa naenda mara mbili kwa mwaka. Ana genge la mboga kando ya barabara, na bado anafunga nyanya kwenye karatasi kwa vidole vilevile vyepesi, pembe zote nne sawa. Mara ya kwanza nilimpelekea kitenge. Alikipokea, akasema, "Kizuri. Hakipunguzi kitu."

Nilipokwenda mwezi uliopita aliniuliza kama kawaida yake, "Umebakiza nani?"

"Bosi."

"Na Bibi?"

"Bibi nilimchelewa."

Alipima vitunguu vya mteja, akarudisha chenji, akangoja mteja aondoke.

"Basi deni lote hulilipi tena."

"Najua."

"Lakini la bosi unalilipa. Ndiye aliyenisema."

"Nitalilipa."

"Wadogo zako wana watoto wao sasa, mama familia. Unamwogopa nini?"

Duka liliuzwa zamani, bosi yuko Dar es Salaam kwa wanawe, hana chumba cha kunifukuza. Namba yake ya simu ninayo, imeandikwa kwenye jalada la daftari nililoandikia kazi za benchi. Nimeipiga mara mbili tangu mwezi uliopita. Mara zote mbili aliitambua sauti yangu kabla sijajitaja, akasema, "Fundi wangu!" kwa furaha ileile, na mara zote mbili nikamuuliza kama huko mvua imenyesha.